Daftari la Kulalia Magodoro

Daftari la ajira la kiwanda cha magodoro, ukurasa wa thelathini na moja, linaonyesha kwamba afisa uhusiano wa sasa aliingia kazini Jumatatu, tarehe 3 Machi 2008, kama mpokeaji wageni. Mwandiko ni wa karani wa utumishi aliyekwisha kustaafu, na wino umefifia hadi kuwa rangi ya chai nyepesi. Mbele ya jina lake, kwenye safu ya sifa, karani aliandika maneno mawili tu: "Sauti nzuri."

Sauti hiyo ndiyo iliyompandisha. Watu walipiga simu kiwandani wakiwa wamefura, godoro limebonyea, zipu imekatika, lori halijafika, na baada ya dakika tatu wakajikuta wanamuuliza yeye ameamkaje. Hakuwa akiwalaghai. Aliwasikiliza, kisha akawarudishia maneno yao yakiwa yamekunjwa vizuri, kama jirani anayekuanulia nguo mvua inapotaka kunyesha. Mwaka wa pili kampuni ikampeleka chuo cha jioni kusomea uhusiano wa umma. Mwaka wa tatu akapewa chumba chake, kompyuta, na kibao mlangoni kilichosema Afisa Uhusiano. Watu wa karakana hawakujisumbua kukisoma. Walimwita Mama Usingizi, na jina likamganda.

Mama yake mzazi, anayeishi naye, aliieleza kazi hiyo kwa majirani kwa ufupi. "Binti yangu analipwa kuwabembeleza watu wazima walale. Mimi nilimbembeleza yeye miaka mitatu, sikuona hata asante."

Mtu anayeingia kiwandani mara ya kwanza hushusha sauti bila kuambiwa. Sponji hunywa kelele. Katika ghala kubwa mabonge ya sponji yamesimama marefu kama nyumba, meupe, yamepangwa mistari yenye vichochoro katikati, kama mji ambao wenyeji wake wametoka kidogo na watarudi. Mwanga hushuka kutoka vipande vya plastiki vilivyotiwa kwenye paa, na ndani yake vumbi jepesi huelea bila haraka ya kutua. Mwisho wa ghala kuna mashine. Humo vimiminika viwili hukutana, na povu huanza kuumuka juu ya ukanda kama mkate, taratibu, likipumua, hata kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai limeshampita kimo. Linakuwa na joto kali tumboni. Fundi huliwekea kiganja ubavuni, kama mzazi anavyopima paji la uso la mtoto, kisha husema lipelekwe kupumzika.

Kupumzika ndilo neno lao. Bonge hupumzishwa siku mbili kamili kabla ya kuguswa na msumeno, ili joto litoke, na mvuke wa dawa zilizolizaa utoke nalo. Ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu, SAA 48, na chini yake mtu mmoja mcheshi aliongeza kwa chaki: "Na sisi je?"

Afisa uhusiano alizoea kutembea katika vichochoro hivyo kila alipokwama kuandika. Alisema humo maneno huja yenyewe, yanakuja kwa kunyata. Ni humo lilimomjia tangazo lililobandikwa kwenye malori yote ya kampuni: "Lala wewe, sisi tuko macho." Na ni humo, mwaka 2011, lilimomjia wazo la daftari.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Waandishi wa habari walitarajiwa kutembelea kiwanda, na hakukuwa na kitu cha kuwaonyesha isipokuwa sponji. Yeye akapendekeza kwamba kila Jumatano, saa nane mchana, mfanyakazi mmoja alale saa nzima juu ya godoro lililotolewa katika mkupuo wa wiki hiyo, kisha aandike katika daftari alivyojisikia. Mkurugenzi alicheka hadi miwani ikamshuka puani. "Yaani niwalipe kulala?" Lakini alikubali. Chumba kidogo kando ya ofisi kikatiwa pazia la buluu, kikawekwa kitanda kimoja, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Waandishi walikipenda kuliko mashine zote. Gazeti moja lilitoa picha ya dereva wa lori akikoroma kazini kwa ruhusa ya kampuni.

Tangu hapo, kila Jumatano mtu alilala. Wafanyakazi walipigania zamu. Maneno yao daftarini yalikuwa ya kila namna. "Nimelala kama gogo." "Godoro zuri ila nimeota nadaiwa kodi." "Limenirudisha utotoni, nimeamka namtafuta dada yangu." Mgeni alipokuja, afisa uhusiano alilifungua daftari pale alipoweka utepe, penye kurasa alizozichagua, na mgeni alisoma akitabasamu.

Kosa lake lilikuwa hapo, na ni kosa la watu wa kazi hiyo. Aliwatengenezea watu mahali pa kusema kweli ili wengine wapaone, akasahau kupatazama mwenyewe. Mara ya mwisho kusoma ukurasa ambao hakuuchagua, kwa maneno yake, ilikuwa "kabla ya mvua za mwaka juzi."

Jumatano ya tarehe 1 Februari 2017 ilianza kwa ukungu. Alifika saa mbili, akatundika mkoba, akafungua dirisha. Saa nne simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwandishi wa habari, kijana mwenye haraka, akisema ana barua ya mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana. Magodoro themanini na mawili yaliyonunuliwa kiwandani kwa ajili ya muhula mpya yanatoa harufu kali. Wasichana wanaamka macho mekundu, wanakohoa, na kumi na mmoja wamepelekwa zahanati.

"Barua hii mliandikiwa wiki mbili zilizopita," alisema mwandishi. "Idara yenu ya mauzo iliwajibu mstari mmoja. Nikusomee?"

"Nisomee."

"'Fungueni madirisha.'"

Afisa uhusiano alifumba macho. "Unahitaji jibu letu saa ngapi?"

"Saa kumi nafunga ukurasa. Hata mistari mitatu, dada, mimi sina choyo."

Hakuwa amekwisha kuweka mkono wa simu mahali pake ikalia tena. Safari hii alikuwa matroni wa shule hiyo. Walikutana mara moja, siku afisa uhusiano alipokwenda kupigwa picha na magodoro mapya, naye matroni alikumbuka sauti.

"Mwanangu, mimi sitaki ugomvi na gazeti wala na kampuni," alisema. "Mchana nayaanika juani. Jioni nayarudisha vitandani kwa sababu sina mengine ya kutosha. Nina watoto themanini na wawili. Niambie wewe, yana madhara au hayana? Ukisema hayana, leo watalala. Nasubiri neno lako."

"Utalipata leo, mama."

"Kabla ya giza, tafadhali."

Mkurugenzi alikuwa na jibu tayari. Ni mtu wa miaka sitini na ushei, aliyeanza na cherehani moja katika chumba cha kupanga, na hupenda kuandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi zilizotumika. Alimkabidhi sentensi nne. Harufu kidogo ni jambo la kawaida kwa godoro jipya. Magodoro yetu yote hukaguliwa kabla ya kutoka. Kila mkupuo hulaliwa na wafanyakazi wetu wenyewe. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kulalamika.

"Nne tu," alisema. "Wewe zivalishe."

Kuvalisha ndiyo kazi aliyoisomea, na hakuwahi kuionea haya. Alikuwa na kanuni yake: ukweli unaruhusiwa kuvaa vizuri, kama mtu yeyote anayekwenda mbele za watu, ila usivae uso wa mwingine. Kwa miaka tisa kanuni hiyo ilimtosha. Alirudi mezani, akaanza kuandika, na alipofika sentensi ya nne vidole vikasimama. Haikuwa shaka. Ilikuwa desturi tu ya mtu aliyefundishwa kwamba neno "hakuna" huangaliwa mara mbili. Akavuka ukumbi, akasogeza pazia la buluu, akalifungua daftari mbali na utepe.

Magodoro ya shule yalitoka mkupuo namba 117. Mkupuo huo ulilaliwa Jumatano, tarehe 4 Januari. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa kuinamia kushoto. "Macho yameniwasha na koo limenikauka. Nimelala nusu saa nikashindwa. Hili bonge halikupumzika. Msiliuze."

Alisoma mara tatu. Nje ya pazia cherehani zilikuwa zikinguruma kwa mbali, kama nyuki walio ndani ya ukuta.

Mwandiko ulikuwa wa mshonaji mkongwe kuliko wote, mwanamke anayeshona pindo za magodoro, anayeitwa Mama Sindano. Afisa uhusiano alimkuta mezani pake, daftari likiwa kifuani kama mtoto wa shule.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

"Nani mwingine anaandika kama mtu anayeteleza? Ni wangu."

"Unasema macho yaliwasha."

"Yaliwasha, na machozi yakatoka. Nilipoamka nikadhani nimelia ndotoni. Nikajiuliza, nimemlilia nani? Maana mume wangu mzima, na mkwe wangu pia, bahati mbaya."

Washonaji wenzake waliangua kicheko. Mama Sindano hakucheka.

"Ulijuaje kwamba bonge halikupumzika?"

"Lilikuja mezani na joto lake. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, tukaota mikono juu yake. Muulize huyu mwenzangu. Mashine ilikufa siku tano, ikafufuka Jumatatu jioni, na wewe ulishasema redioni kwamba shule zikifunguliwa tarehe tisa kila mtoto atakuwa na godoro. Basi. Lilimwagwa Jumatatu usiku, asubuhi likakatwa."

Ni kweli alisema redioni. Aliikumbuka hata sentensi yenyewe, kwa sababu aliipenda.

"Mama Sindano," alisema taratibu, "mbona hukuniambia?"

Mwanamke akanyoosha kidole chenye subana, akaligonga jalada la daftari mara moja. Subana ikatoa mlio mdogo wa chuma.

"Nilikuambia. Si humu mlimotuambia tuseme? Au lilikuwa pambo, mwanangu?"

Mbele ya mwanamke yule sauti nzuri haikumsaidia kitu. Aliomba radhi kwa neno moja, akaondoka. Nyuma yake alimsikia mshonaji mwingine akisema, "Leo Mama Usingizi kaamka," na wa pili akamnyamazisha, "Hebu muache, humwoni uso?"

Ilikuwa saa saba na nusu. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kupiga simu. Yeye alifanya jambo ambalo hata sasa anashindwa kulieleza vizuri. Katika ghala la sampuli lilibaki godoro moja la mkupuo 117. Alilitoa mwenyewe, akaliburuta ukumbini huku watu wakimpisha, akalilaza juu ya kitanda cha nyuma ya pazia, akavua viatu. Alitaka kujua. Kwa miaka sita aliwalaza wenzake pale, yeye mwenyewe hakuwahi kupanga zamu yake.

Saa nane na dakika tano alilala chali.

Pazia la buluu lilikuwa likivuta hewa na kuitoa. Mwanga ulipita ndani yake ukawa kama wa chini ya maji, na dari ilionekana mbali, kisha ikawa haipo. Harufu ilikuwa tamu kidogo, ya kitu kilichoiva kupita kiasi. Godoro lilikuwa laini. Hilo lazima lisemwe, lilikuwa laini kuliko yote aliyowahi kuyaandikia. Lilimpokea mabega, kisha kiuno, na alihisi anashuka bila kufika.

Akaota bweni. Vitanda vilikuwa vingi, vimepangwa mistari kama mabonge ya ghalani, na juu ya kila kimoja alilala msichana, macho wazi, mikono imenyooshwa kwa adabu. Chini ya vitanda povu lilikuwa likiumuka, jeupe, kimya, likiviinua vitanda kidogo kidogo kuelekea kwenye paa. Hakuna aliyeogopa. Walikuwa wakimtazama yeye, kama watoto wanavyomtazama mwalimu anayechelewa kuwaambia wakae. Msichana wa kitanda cha karibu, ambacho kilikuwa kimeshamfika begani, akauliza, "Tuendelee kulala?" Afisa uhusiano akafungua kinywa, na kwa sauti nzuri, laini, ya kwenye simu, akajisikia akisema: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

Aliamka saa nane na nusu. Macho yalikuwa yanawaka, na mdomoni alihisi ladha ya shaba. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka ukumbi ukatulia, akavuta daftari, akaandika tarehe na saa, kisha maneno haya: "Dakika ishirini na tano. Macho, koo, kichwa. Sikuweza kuendelea. Godoro hili lina mwezi mmoja, na bado halijapoa."

Halafu alikwenda ofisini, akafunga mlango, akampigia matroni.

"Mama, usiwalaze tena juu yake. Hata usiku mmoja."

Upande wa pili zilisikika sauti za wasichana wengi, mbali, na kengele.

"Ni wewe unasema, au ni kampuni?"

"Ni mimi. Kampuni itasema baadaye, sijui itasema nini. Wale kumi na mmoja, mwambie mganga wa zahanati kwamba ni mvuke wa dawa za sponji. Una pa kuwalaza?"

"Nina magodoro ya zamani arobaini hivi, yale tuliyotaka kuyatupa. Watalala wawiliwawili, kichwa kwa miguu. Watagombana, watacheka, itapambazuka." Akavuta pumzi. "Asante, mwanangu. Watakufanya nini huko?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda kawaone kabla hawajakuita."

Alikwenda. Mkononi alikuwa na karatasi mbili, sentensi nne za mkurugenzi na ukurasa wa maneno yake mwenyewe, na kwapani daftari. Mkurugenzi alikuwa dirishani, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, akitazama lori likipakiwa.

"Kaa."

"Nitasimama, Mzee. Nikikaa utanishinda."

Mkurugenzi alicheka. Walipendana, na hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Afisa uhusiano alimwekea daftari mezani, likiwa wazi mahali pa tarehe 4 Januari. Mzee alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alikaa, akachukua kalamu nyekundu, akaikata sentensi ya nne kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Haya," alisema. "Uongo nimeutoa. Zilizobaki tatu ni kweli tupu. Harufu ya godoro jipya ni jambo la kawaida. Tunakagua. Tunalalia. Au utaukataa ukweli pia?"

Hapo ndipo palipokuwa mtihani wenyewe. Uongo wa wazi ni rahisi kuukataa, hata mwoga anaweza. Lakini sentensi tatu zile zilikuwa zimesimama karatasini, safi, na kila moja ingeweza kuapishwa mbele ya hakimu. Za namna hiyo aliandika mamia. Angezitia sahihi, saa kumi ingepita, kazi yake ingebaki, na kama mtu angeuliza, angesema sikusema uongo hata mmoja. Aliziangalia kwa muda mrefu. Anasema kwa kitambo zilimvuta kama godoro lile, alihisi mabega yanapokelewa.

"Kila moja ni kweli, Mzee," alisema mwishowe. "Ukizipanga hivi, zinasema magodoro ni salama."

"Sikuandika salama."

"Hukuandika. Watasoma."

"Nani aliyeahidi redioni? Mimi?" Sauti ya mkurugenzi ilipanda. "Fundi alikuja hapa Jumatatu ile akaniambia bonge linahitaji siku mbili. Nikamwambia, bibie keshatangaza. Tukate. Ulitaka nikuaibishe?"

"Nilitaka uniambie. Ningerudi redioni."

"Ungerudi ukasema nini?"

"Kwamba tutachelewa. Watu wanajua kuchelewa ni nini, Mzee. Wamezoea."

Karibu acheke tena, akajizuia. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Hapa wanakula watu mia na arobaini. Mshonaji wako huyu pia anakula hapa. Shule moja ikirudisha magodoro, kesho zitarudisha kumi. Umelifikiria hilo, au umewafikiria wasichana peke yao?"

"Nimeanza na wasichana kwa sababu ndio wanaolala leo. Nimeshampigia matroni. Nimemwambia asiwalaze."

Kalamu nyekundu ikawekwa mezani, taratibu mno.

"Umempigia kabla ya kuja kwangu?"

"Kabla."

"Miaka tisa. Kwa nini?"

"Kwa sababu ungenizuia," alisema, "na mimi ningekutii."

Chuoni alifundishwa kanuni ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha makarani wapya: msemaji hasemi nje neno ambalo mkuu wake hajalisikia ndani. Ni kanuni nzuri, na huzuia majanga mengi. Alijua ameivunja, alijua na saa aliyoivunja, na hakujaribu kulivalisha jambo hilo nguo yoyote. Chini uani mtu alikuwa akimwelekeza dereva wa lori kurudi nyuma, "Njoo, njoo, njoo, hapohapo!"

Mkurugenzi alilivuta daftari karibu, akafunua mbele, akasoma maneno ya siku hiyohiyo, ya dakika ishirini na tano. Akamtazama macho yake, ambayo bado yalikuwa mekundu.

"Mbona hukunijia ukiwa unalia tu, kama watu wengine?" alisema. Halafu akalifunga daftari: "Tuma unachotaka. Lakini utume kwa jina lako, si langu. Juu yako nitaamua baadaye."

Saa kumi kasoro dakika sita alituma mistari kumi na minne. Ilisema kwamba mkupuo namba 117 ulikatwa baada ya saa zisizofika kumi badala ya arobaini na nane. Ilisema kwamba haraka hiyo ilitokana na ahadi iliyotolewa redioni na afisa uhusiano, yaani yeye. Kwamba mfanyakazi mmoja alitoa onyo kwa maandishi siku tano kabla ya shule kufunguliwa, na onyo halikusomwa na yule ambaye kazi yake ilikuwa kulisoma. Iliwataka wote wenye magodoro ya mkupuo huo wasiyalalie, ikaonyesha namba inaposhonwa, pembeni, karibu na zipu. Hakukuwa na sifa yoyote ya kampuni, hata moja. Mwandishi wa habari alimjibu kwa neno moja, "Kumbe!", kisha akauliza kama anaweza kuchapa yote. Akamwambia achape.

Jioni alitembea hadi nyumbani, kwa sababu kichwa kilikuwa bado kizito na alitaka hewa. Barabara ilikuwa ileile, lakini milio ilimfikia ikiwa imefungwa kwa pamba, baiskeli, redio, mtu akimwita mtu. Mama yake alikuwa uani akikunja nguo.

"Macho yako yana nini?"

Akamweleza yote, kutoka mwandishi hadi kalamu nyekundu. Mama alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Bado ya kweli, au bado ya kiofisi?"

"Ya kiofisi."

"Basi njoo ushike ncha ya shuka hili," alisema mama, "kabla nalo hawajakukataza." Walilikunja pamoja, wakisogeleana na kurudi nyuma, wakisogeleana tena, hadi likawa dogo.

Alhamisi gazeti lilitoa habari ukurasa wa saba, chini ya tangazo la rangi za nyumba. Watu watatu walipiga simu kusema wana magodoro ya namba hiyo. Mmoja wao alitukana, wawili walishukuru. Saa tano karani mpya wa utumishi alimletea bahasha, akamtaka asaini kwamba ameipokea, na hakumtazama usoni. Ndani kulikuwa na barua ya kumtaka ajieleze. Haikumtuhumu kwa kusema uongo wala kwa kusema kweli. Ilimtuhumu kwa kutoa taarifa nje ya kampuni bila idhini, saa nane na dakika arobaini mchana, kwa simu ya ofisi. Saa ilikuwa sahihi. Aliisoma akiwa amesimama, akasahihisha kosa moja dogo la tarehe kwa penseli, akaiweka kwenye jalada.

Ijumaa lori la kampuni litakwenda shuleni kuyachukua magodoro yote themanini na mawili. Jumatatu, tarehe 6 Februari, saa tatu asubuhi, yeye atakaa mbele ya kamati ya nidhamu, na swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alimpigia matroni kabla ya mkurugenzi.